Mfundisheni Mwalimu, Mtoto Ataandika

Enyi walimu wa Kabambare, wa Wamaza na wa Salamabila, na ninyi wa Kasongo. Enyi madirekta, maenspekta, wazazi, mapadri, wachungaji na masheikh: nisikilizeni. Mtoto wetu anakaa shuleni miaka sita, anatoka, na hawezi kumwandikia mjomba wake aliye Kindu barua ya mistari mitano. Kaye zake zimejaa. Amenakili ubao asubuhi hadi adhuhuri, ameitikia pamoja na wenzake, ameimba herufi zote kwa mpangilio. Lakini mwambie aandike jambo lililo moyoni mwake, jambo lisilokuwepo ubaoni, na mkono unasimama. Nasema hili ni dhambi. Sina neno jepesi la kuliita, na hata ningekuwa nalo nisingelitumia.

Benki ya Dunia imekadiria kwamba nchini mwetu Kongo watoto 97 kati ya 100 wa umri wa miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Hesabu hiyo ilitangazwa, tukashtuka, tukaendelea na shughuli zetu. Mimi nataka ituume. Kama kusoma kumetushinda hivyo, kuandika kuko wapi? Anayesoma hukuta neno limekwisha kupangwa. Anayeandika hulipanga mwenyewe, herufi baada ya herufi, na hakuna wa kumnong'oneza.

Wa kulaumiwa ni nani? Mtoto hana kosa. Na mwalimu naye, kabla hamjamnyoshea kidole, mwulizeni kwanza: ni nani aliyewahi kukaa naye akamwonyesha namna ya kufundisha kuandika? Alisoma pedagojia, akapata diploma ya serikali. Alijifunza saikolojia ya mtoto, akatoa masomo ya majaribio mbele ya wenzake, na karibu vyote kwa Kifaransa. Kisha akapewa darasa la kwanza, akaambiwa: fundisha kwa Kiswahili. Sheria ndivyo isemavyo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaziingiza lugha hizo darasani, mtoto aanze na lugha anayoisikia nyumbani. Sheria nzuri! Lakini wangapi kati yenu, walimu, mliwahi kupewa hata asubuhi moja ya kufundishwa jinsi Kiswahili kinavyoandikwa? Tunakisema tangu titi la mama, tukadhani kukisema ni kukiandika.

Twende darasani tuone. Ni darasa la tatu. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, watoto wamejazana, watano benchi moja, wengine chini. Mwalimu anafuta ubao, anasema: dikte. Anasoma sentensi moja tu: «Tumevuka mto Lwama na mama kwa mtumbwi.» Sasa pita katikati ya mabenchi, inama, tazama kaye. Wa kwanza ameandika «Tume vuka muto Luama nama ma kwamu tumbwi». Wa pili: «Tumefuka mto rwama na mama kwa mtumbwi». Wa tatu ameacha nafasi kila baada ya silabi, tangu mwanzo hadi mwisho. Wa nne ameandika «Tumevuka» vizuri kabisa, halafu akakoma, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kusema nukta.

Mwalimu asiyefundishwa atafanya nini? Atachukua biki nyekundu, atapiga mistari, ataandika sifuri nne, ataamuru: andikeni mara kumi. Kesho wale watoto wataandika kosa lilelile mara kumi, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Mwalimu aliyefundishwa ataona kwamba hawa wanne wana magonjwa manne, na kila ugonjwa una dawa yake. Aliyeandika «muto» ana sikio zuri, maana hapa kwetu ndivyo tunavyosema, muto, mutu, mutoto. Huyo haitwi mjinga. Anaambiwa: umesikia vema, kalamu inaandika m peke yake, na ulimi wako uendelee kusema kama usemavyo. Kisha anapewa maneno mtu, mti, mto, mtoto, mtumbwi, ayatafute mwenyewe katika kitabu, ayazungushie duara. Aliyeandika «rwama» anahitaji maneno mawili mawili yawekwe mbele yake: kalamu na karamu, kula na kura. Mwambieni mtoto wa Kabambare kwamba kula kunajaza tumbo na kura inachagua mbunge, na kwamba tofauti yote imebebwa na herufi moja. Uone kama atasahau. Wa tatu hajajua neno linaanzia wapi. Wa nne anajua, ila mkono wake haujazoea mwendo. Huyo apewe sentensi fupi kila siku, dakika kumi, mpaka mkono ufunguke.

Nataka nikae kidogo kwa yule wa tatu, kwa sababu ugonjwa wake umetupata hata sisi wakubwa. Tazama matangazo sokoni, tazama barua za mashitaka, tazama orodha za michango kanisani na msikitini: «a na soma», «ni na omba», «tu me pokea». Tunakata neno kama mtu anayekata muhogo gizani. Na dawa yake ni rahisi hata mtoto wa miaka minane anaiweza, ila lazima mwalimu awe amefundishwa. Chukua neno «sasa», ulitie pale unapotaka kuacha nafasi. «Na sasa mama»: inasemeka, hivyo «na» na «mama» ni maneno mawili, yaachanishwe. «Ana sasa soma»: nani asemaye hivyo? Hakuna mtu Kabambare nzima. Basi «anasoma» ni neno moja, halikatwi. Jaribu «tume sasa vuka». Watoto watacheka, watapiga kelele «hapana!», na katika kelele ile watakuwa wamejifunza sarufi ambayo wengine hatukuipata hata kwa diploma. Somo hilo linataka chaki kipande. Halitaki mradi, halitaki gari la mradi.

Mtaniuliza: kosa la nafasi linadhuru nini, mradi watu wanaelewana? Nawajibu kwa habari ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1965 mtu mmoja, André Yav, aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili, historia ya watumishi wa majumbani na wafanyakazi, mambo ambayo Wabeljiji hawangeyaandika kamwe. Kazi ya thamani kubwa! Lakini maneno yalikatwa na kuungwa bila utaratibu, hata mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kuichapisha ilibidi kwanza msemaji wa Kiswahili aisome kwa sauti, ndipo sikio liseme neno linaishia wapi. Hatumlaumu Yav. Alitumia alichopewa, akatuachia urithi. Lakini fikirini: watu wazima wangapi wana ushuhuda kama wake, wakauandika, na hakukuwa na mtu wa kuja kuusoma kwa sauti? Ziko wapi kaye zao? Wajukuu wamewashia moto.

Na wala Kiswahili chetu hakikuachwa bila utaratibu kwa sababu ya upungufu wake. Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisawazisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabeljiji haikuwamo. Wanaisimu wetu walikutana Lubumbashi mwaka 1974 wakajadili namna ya kuziandika lugha za nchi. Yaliyosemwa pale hayajashuka hadi kwenye benchi la darasa la kwanza hapa Kabambare. Hata jina la Salamabila tunaliona limeandikwa Saramabila katika karatasi nyingine za serikali, na mto wetu leo ni Lwama, kesho Luama. Wakubwa wakiandika hivyo, mtoto ashike lipi?

Wapo wanaosema: shida yote ya nini, mtoto atakwenda Kifaransa tu mbele ya safari, tumtie Kifaransa mapema. Ndugu, hapo ndipo hasa mnapomwua. Kiswahili kina herufi za kuaminika: ukisikia ba utaandika ba, leo na kesho. Mtoto akikielewa Kiswahili katika maandishi, ameelewa siri yote, kwamba sauti inaweza kukaa juu ya karatasi. Kisha mpeleke kwenye «oiseau», herufi sita, hakuna hata moja inayosikika kama alivyozoea. Aliye na siri ile atashangaa, atauliza, atajifunza. Asiye nayo ataamua kwamba kuandika ni uchawi wa mwalimu, na atanakili tu mpaka atakapoacha shule akachimbe dhahabu Namoya.

Nimetaja dhahabu, nami sitaipita. Pale machimboni kuna biashara ya deni kila siku. Mtu anatoa mzigo leo, atalipwa juma lijalo. Kuna karatasi, kuna sahihi, kuna kidole kilichochovywa wino. Nani aliyeiandika karatasi ile? Anayejua kuandika. Nani atakayepoteza? Masheikh wangu, ninyi mnajua kuliko mimi kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Kurani inahusu deni. Inaagiza liandikwe, na mwandishi aliandike kwa haki, wala asikatae kuandika. Wakristo, ninyi mnajua kwamba nabii Habakuki aliamriwa kuyaandika maono yake wazi juu ya vibao, asomaye asikwame. Dini zetu zote mbili zimesimama juu ya maandishi, na watoto wa madrasa na wa katekisimu ni walewale wanaokaa katika mabenchi yale. Itakuwaje tukiwaacha bila kalamu?

Kumbukeni pia ni nani aliyeandika habari za nchi hii. Kati ya mwaka 1870 na 1871 David Livingstone alilala hapa kwetu, mahali alipopaandika Bambarre, miguu yake imejaa vidonda. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akapata rangi ya mmea akaifanya wino, na alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliandika juu ya kurasa za gazeti la London la mwaka 1869, akikatiza mistari iliyochapwa. Wino ule ulififia sana, lakini mwaka 2011 wataalamu waliufufua kwa picha za mwanga maalumu, na leo maneno yale yanasomwa duniani kote. Naye Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa ngome yake, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mgonjwa aliyepita njia na mfanyabiashara wa pembe na watu: hao ndio tunaowasoma. Waliofungwa kamba shingoni wakapelekwa pwani, mababu wa mababu zetu, hawakutuachia ukurasa hata mmoja. Nani atayaandika yaliyotupata sisi, miaka ya vita, vijiji vilivyokimbia, shule zilizolaliwa na watu wenye silaha? Atakayeandika yuko darasa la pili sasa hivi, na mwalimu wake anangoja kufundishwa.

Basi afundishweje? Hapa nitasema wazi, hata kama wengine watakasirika. Tumechoka na semina ya siku tatu. Walimu wanaitwa mjini, wanakaa katika ukumbi, wanasomewa karatasi kwa Kifaransa, wanapewa soda na posho, wanapigwa picha, wanarudi na cheti. Jumatatu wanafundisha kama walivyofundisha Ijumaa. Simlaumu aliyepokea posho. Watoto wake wanakula. Namlaumu anayeamini kwamba mwalimu anaweza kujifunza kufundisha kuandika bila yeye mwenyewe kuandika, na bila mtu kumwona akifundisha.

Jirani zetu wametangulia, na si aibu kujifunza kwa jirani, hasa tangu mwaka 2022 tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na biashara ya Kigoma na Dar es Salaam kuwa biashara ya nyumbani. Tanzania mwaka 2015 ilibadilisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili, ikaweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakafundishwa kwa ajili hiyo tu. Kenya mwaka huohuo ilianza mpango wa Tusome: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa kila mwalimu, na afisa aliyekwenda shuleni, akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza somo zima, kisha akazungumza na mwalimu juu ya yale aliyoyaona. Shikeni hilo la tatu. Vitabu vinaweza kuchelewa njiani. Mnaijua barabara ya kutoka Kasongo wakati wa mvua. Lakini mtu wa kuketi nyuma ya darasa tunaye. Direkta yupo. Mwalimu wa darasa la sita yupo. Mwenzako wa shule ya pili, ng'ambo ya kijito, yupo.

Enspekta, nakusihi: unapofika shuleni usianze na daftari la mahudhurio wala fishi za matayarisho. Anza na kaye za watoto. Fungua kumi, bila kuchagua. Mwulize mwalimu: huyu kosa lake ni lipi, nawe umempa nini? Akijibu, mpe mkono. Asipojibu, vua koti, chukua chaki, mwonyeshe mbele ya watoto wake jinsi somo linavyotolewa. Ukiona huwezi, basi nawe njoo ufundishwe. Hakuna cheo kinachokukataza.

Wazazi, mwalimu akisema Jumamosi baada ya masomo walimu wote wanakaa pamoja kujifunza, msiseme amekimbia kazi. Mletee maji, mletee muhogo. Wapo kati yao wanaofundisha bila kulipwa na serikali, na wengine wanaungoja mshahara kwa miezi. Haki yao ilipwe! Tuidai pamoja nao, mchana, kwa majina yao. Lakini mtoto wa miaka saba hatakuwa tena na miaka saba siku mshahara utakapofika. Hatuwezi kumweka kando amngoje waziri.

Nanyi walimu, wapendwa wangu, sisemi nanyi kama mtu wa mbali. Najua ubao uliochakaa mpaka chaki inateleza. Najua darasa ambalo mvua ikinyesha hamsikilizani. Nawaomba saa mbili tu kwa juma. Kila mmoja alete kaye tatu za wanafunzi wake, ya anayejua, ya wa kati, ya aliyekwama. Msome makosa kwa sauti, myapange kwa aina zake: nafasi, l na r, h iliyopotea, m iliyovaa u. Mchague aina moja tu ya kupigana nayo juma lile, shule nzima, darasa la kwanza hadi la sita. Mmoja wenu atoe somo lake mbele ya wenzake, nao wawe watoto wake. Kisha mmoja awasomee wote dikte ya mistari mitano, na kila mwalimu aiandike, mwenye miaka thelathini ya kazi na aliyeanza jana, mbadilishane kaye, msahihishane. Atakayekosa asichekwe, wala jina lake lisitoke nje ya mlango. Mkibishana juu ya neno, msikate kwa cheo. Litieni «sasa» katikati, na likiwashinda, liandikwe pembeni liulizwe kwa mwenye kamusi, jibu liletwe Jumamosi inayofuata.

Direkta, usingoje waraka kutoka Kindu. Andika siku na saa ubaoni leo, kabla ya kengele ya mwisho, na Jumamosi hiyo wewe uwe wa kwanza kufika, ukae benchi la mbele, na kaye yako na biki yako, na dikte ya kwanza mwachie mwalimu wa darasa la kwanza aisome yeye.